RAM ya Ami Imenitia Kwenye Deni

Wiki hii mniwie radhi, stori za mapenzi hakuna. Nina deni, na kilichoniponza ni kijiti cha RAM.

Ami yangu hapa Chake Chake ana kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 2. Humo ndimo anamotunza hesabu za wachumaji wake wa karafuu: nani kachuma pishi ngapi, nani kalipwa, nani kachukua advansi. Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, roho yangu haikutulia. Windows 11 nayo haiitaki mashine ile: inadai RAM isiyopungua GB 4, kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Hata ukiijaza RAM mpaka pomoni, prosesa kongwe inabaki kongwe.

Nikamwambia, "Ami, tujaribu Linux, haiuzwi ile."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, zikipotea hesabu za watu wale, mie nitawaambia nini?"

Ikabidi nimwapie kwamba diski yake siigusi. Maana nyie mafundi wa kupiga windo mnajijua: mnafuta kwanza, halafu ndiyo mnauliza kulikuwa na nini.

Kujaribu bila kufuta kunawezekana. Unaiweka Ubuntu kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kutoka humo, na mfumo wote unafanyia kazi zake kwenye RAM. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, umepoteza jaribio tu. Ila kwa GB 2, bwana! Ilifunguka, nikagusa kivinjari, mshale ukaganda kama umepigwa picha. Njia nyingine ni kutengeneza kompyuta ya bandia ndani ya Windows kwa programu kama VirtualBox. Hiyo ndiyo inakula RAM zaidi, mifumo miwili inagombea sahani moja.

Tukakubaliana tuongeze RAM. Ami akatoa pesa, na hapo ndipo nilipochemsha. Nikampigia muuzaji mmoja Unguja, nikamwambia "nataka RAM GB 8", basi. Hakuniuliza, nami sikusema. Mzigo ukaja kwa boti mpaka Mkoani, nikaufuata kwa daladala na bashasha zangu zote. Kufungua: DDR4. Mashine ya ami ni DDR3!

Za kompyuta ya mezani, DDR3 ina meno 240 na DDR4 ina 288, na ule mkato wa chini haukukaa mahali pamoja. Haiingii hata uisomee. Ukiilazimisha unavunja tundu. Nikamrudia muuzaji, akasema mali ikishatoka dukani haipokelewi.

Sasa wewe usiwe mimi. Kabla hujaagiza, chomoa ile ya zamani usome lebo yake. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Ya laptopu ni fupi, hiyo usiichanganye. Hesabu matundu, uangalie na mazabodi yako inapokea mpaka GB ngapi. Na kama Windows yako ni ya biti 32, zaidi ya GB 4 haitumii.

Mara ya pili nikakopa kwa mshikaji, nikachukua vijiti viwili vya DDR3, GB 4 kila kimoja. Nikachomoa waya wa umeme, nikashika bati la kasha kutoa umeme tuli mwilini, nikavibana mpaka vibanio vikalia. Kuwasha, mashine inapiga milio tu, kioo cheusi. Jasho! Ami kasimama nyuma yangu, hasemi kitu, na hilo ndilo baya zaidi. Nikachomoa tena, nikayasugua meno kwa ufutio wa penseli, nikarudisha. Ikawaka, GB 8.

Ubuntu sasa inateleza. Nilifungua nakala ya hesabu kwa LibreOffice, ami akapitia jumla za pishi moja moja kwa kidole, zikalingana. Printa ndiyo imegoma kuchapa, kwa hiyo Windows bado ipo. Nimeing'oa kwenye intaneti kwanza, na hesabu zimo kwenye flashi mbili. Moja anatembea nayo ami mfukoni mwa kanzu.

Kile kijiti cha DDR4 ninacho, hakijatumika. Mwenye mashine yake aje Chake tubadilishane kwa chochote, isipokuwa samaki.