Kipuri cha Hapa au cha Ng'ambo?

Hapa mpakani wako vijana waonao haya kununua kitu kilichoundwa na fundi wa Busia. Wataka cha ng'ambo tu. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka jana niliagiza keria ya baiskeli kutoka ng'ambo, nikangoja miezi mitatu, nikalipa na ushuru. Ilipofika, ilipinda kwa gunia la kwanza la mahindi. Fundi wa sokoni aliniundia nyingine kwa siku moja, nayo haijapinda hata leo.

Sababu ni kwamba fundi wa hapa aujua mzigo wetu. Bodaboda ilipozaliwa Busia katika miaka ya 1960, baiskeli zilitoka ng'ambo, lakini kiti cha abiria kilishonwa hapa hapa. Saruji ya Tororo nayo twaijengea nyumba tangu miaka ya 1950, wala hatuioni duni.

Sisemi tusiagize kabisa. Gololi na mnyororo vyataka chuma ambacho fundi wetu hana. Hivyo na viagizwe. Lakini aliwezalo jirani, tumpe jirani. Kwa kazi hiyo ndiyo amlipiavyo mwanawe karo, naye ni mwanafunzi mwenzetu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.