Glaikolisisi Ifundishwe Kuanzia Katika Damu

Mwanafunzi wa kidato cha tano aweza kutaja hatua zote kumi za uvunjaji wa glukosi, yaani glaikolisisi, bila kukosea hata moja, na bado asijue zinamhusu nini. Lawama si yake. Sisi walimu ndio tuliomkaririsha majina ya vimeng'enya kama vituo vya gari moshi toka Dar es Salaam hadi Kigoma.

Kwa maoni yangu somo hili lianzie katika damu. Tumchukue mtoto wa Mwembesongo, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako malaria si habari ya vitabuni. Chembe zake nyekundu za damu hazina mitokondria, kwa hiyo nguvu zake zote hutokana na kuvunja glukosi. Hatua ya kwanza huigeuza glukosi kuwa glukosi-6-fosfeti, na hapo pana njia panda. Sehemu kubwa huendelea hadi piruveti na kuipa chembe nguvu. Sehemu ndogo huchepuka kwa kazi ya kimeng'enya kiitwacho G6PD. Katika mchepuko huo hutengenezwa NADPH, inayoikinga chembe na sumu zitokanazo na oksijeni.

Jeni ya kimeng'enya hicho imo katika kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, hivyo akirithi jeni yenye kasoro kwa mamaye, hana nyingine ya kumsaidia. Kwa kawaida huwa mzima kabisa. Lakini akimeza dawa kama primakwini, chembe zaweza kupasuka, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na majirani wakaanza kumtafuta mchawi.

Mbona basi jeni hiyo haikutoweka? Mwaka 1961 Allison na Clyde, huyu wa pili akiwa mtaalamu wa malaria Tanganyika, walieleza kwamba watoto wa Kiafrika wenye upungufu huo walikuwa na vimelea vichache zaidi vya malaria katika damu. Watafiti waliofuata hawakuafikiana juu ya ukubwa wa kinga hiyo. Ubishi huo nao ufundishwe, maana sayansi si msahafu.

Nitaambiwa kwamba mtihani huuliza hatua, hauulizi damu. Huenda. Lakini aliyeielewa njia panda ile hamsahau heksokinesi, na siku nduguye atakapoandikiwa primakwini, atajua swali la kumwuliza tabibu kabla kidonge hakijamezwa.