Ndizi na Maharage Si Chakula cha Tajiri

Hoja iliyochapishwa ni hii: familia isiyokula nyama, samaki, maziwa wala mayai haiwezi kwenda likizo kwa bei nafuu, kwa kuwa chakula chake ni adimu na ghali. Adimu wapi? Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage ni chakula cha kila siku. Kinachopandisha bei ya sahani ni hiyo nyama. Mwambie mpishi mapema asitie samli wala dagaa, basi. Au eti hakuna pa kutembelea huko? Chemchemi ya maji moto ya Mtagata iko Kyerwa. Bweranyange, Mfalme Rumanyika alikompokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, iko Karagwe. Mwandishi wa hoja hiyo amehesabu hoteli, akasahau migomba.