Usiilaumu Safari Kabla ya Kujikagua

Leo nataka kuwachokoza waandishi wenzangu wa programu, nikianza na mimi mwenyewe. Tuna tabia ya kusema "hiyo ni hitilafu ya kivinjari", tunabandika kiraka, halafu tunaenda kunywa chai.

Kabla ya Krismasi ya 2023 nilikuwa natengeneza ukurasa wa kukatia tiketi za basi. Ulikuwa na kalenda ndogo ya JavaScript: unabofya siku, unaonyeshwa mabasi yaliyopo. Seva ilileta muda wa kuondoka hivi: 2023-12-22 07:30. Kwenye Chrome yangu, safi kabisa. Kisha abiria mmoja akapiga simu. Kwenye iPhone yake ya zamani, kila basi lilikuwa linaondoka saa "NaN", yaani "si namba".

Sababu yenyewe ni ndogo mno. Kanuni za JavaScript zinataka herufi T kati ya tarehe na saa. Ukiacha nafasi tupu, kila kivinjari kinajiamulia. Chrome ilinisamehe, Safari ile ya zamani ikakataa. Mwenye kosa ni nani hapo? Ni mimi! Lakini nilichoandika ni hiki: kama kivinjari ni Safari, weka T.

Kiraka cha aibu. Chrome nayo hujitambulisha kwa mstari wenye neno "Safari" ndani yake, desturi ya kale ya vivinjari kujifananisha ili visifungiwe milango. Na anayefungua kiungo akiwa ndani ya programu ya Facebook kwenye iPhone anatumia injini ileile ya Safari, WebKit, ila jina Safari huenda lisiwemo kabisa. Hao wakaendelea kuona NaN, na simu zikaendelea kulia.

Tukachoka. Tukaiondoa saa, kalenda ikabaki na 2023-12-22 peke yake. Vivinjari vyote vikakubali, tukapongezana.

Siku chache baadaye akapiga dada mmoja anayeishi Boston. Alikuwa amemkatia mama yake tiketi ya Nairobi kwenda Kisumu, tarehe 22. Mama alifika kituoni asubuhi ya tarehe 22 na mizigo yake, akaambiwa tiketi ni ya jana. Mabasi ya siku hiyo yalikuwa yamejaa. Alisafiri tarehe 24.

Hapa hakukuwa na kivinjari cha kulaumu. Tarehe isiyo na saa, JavaScript huihesabu kuwa saa sita usiku ya UTC. Kwa Nairobi hiyo ni saa tisa usiku, bado tarehe ileile. Kwa Boston wakati huo wa mwaka ni saa moja usiku ya tarehe 21. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo tunaweza kuijaribu kalenda kama hiyo mwaka mzima, kwa kila kivinjari, tusiione hitilafu hiyo hata mara moja.

Maoni yangu ni kwamba siku ya safari isigeuzwe kuwa nukta ya wakati. Ni maandishi, kama namba ya kiti. Kama ni lazima uihesabu, itenganishe mwenyewe mwaka, mwezi na siku, uipe JavaScript namba tatu (na ukumbuke miezi inaanzia 0, sijui ni nani aliyetulaani).

Kalenda yangu niliitupa. Vivinjari vya leo vina uga wao wa tarehe. Hata Safari ya tarakilishi iliupata mwaka 2021, toleo la 14.1. Uga huo hunipa 2023-12-22, na maandishi hayo yanakwenda kwa seva bila kuguswa.

Tarakilishi yangu ya majaribio nimeiachia saa za Boston. Kila anayeikalia ofisini huniuliza mbona saa yake imechelewa.