Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Matokeo ya mitihani yatokapo, kuna nyumba ambamo vigelegele husikika hadi kwa majirani, na kuna nyumba ambamo mtoto hujifungia chumbani huku wazazi wakizungumza kwa kunong'ona. Leo ningependa kuketi katika hiyo nyumba ya pili.

Bila shaka umewahi kusikia habari za Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, mwezi Februari 1998. Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 kwenye theluji, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja hadi mwisho ili ampongeze.

Katika michezo hiyo hiyo alikuwapo Hermann Maier wa Austria, bingwa wa kuteremka mlima. Mchezaji wa fani hii hufunga ski miguuni, akajitosa kwenye mteremko kwa kasi inayoweza kupita kilomita 120 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu yenye wazimu, ila yeye hana bodi ya kumkinga. Siku ya shindano Maier alirushwa hewani, akaangukia kichwa na bega, akapasua nyavu za uzio na kutokomea thelujini. Aliinuka mwenyewe. Siku tatu baadaye alitwaa dhahabu, na baada ya tatu nyingine akaongeza ya pili.

Ulimwengu unakumbuka anguko hilo. Mimi nakumbuka lile la kwanza.

Akiwa na umri wa miaka 15, Maier alikuwa katika shule ya kufunza mchezo huo. Alikuwa mdogo wa mwili na magoti yalimsumbua. Walimu wakaona hafai, akarudishwa nyumbani kijijini Flachau. Je, alifanya nini? Alijifunza uashi. Wakati wa joto alijenga nyumba. Wakati wa baridi alifundisha katika shule ya ski ya babake, huku akishiriki mashindano madogo. Mwili ukakua, na kubeba mawe na saruji kukampa misuli.

Mnamo Januari 1996 mashindano ya Kombe la Dunia yalifika Flachau. Maier aliruhusiwa kutangulia tu, kuijaribu njia kabla ya washindani. Muda wake ungempa nafasi ya 12! Wakuu wa timu ya taifa wakafumbuka macho. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Agosti 2001 aligongana na gari akiwa kwenye pikipiki, nusura akatwe mguu. Januari 2003 alirudi, na mwezi huo huo akashinda Kitzbühel. Alipostaafu mwaka 2009 alikuwa na ushindi 54 wa Kombe la Dunia.

Mzazi mwenzangu, sisemi kwamba kila anayekataliwa shuleni atakuwa bingwa. Waashi wengi hubaki waashi, na ni watu wa heshima. Tunalala katika nyumba walizotujengea. Tena Maier alikuwa na bahati: baba aliyemwachia mlango wazi, na mashindano yaliyomfuata hadi kijijini. Lakini bahati hiyo ingemkuta wapi kama angekuwa amejifungia chumbani miaka minane?

Walimu wale walipima mwili wa mvulana wa miaka 15, wakaandika hukumu ya mtu mzima. Sisi nasi hufanya hivyo mezani, mbele ya ndugu zake, tunapomwita mtoto "bure kabisa" kwa sababu ya karatasi moja. Maneno hayo hukaa moyoni muda mrefu kuliko alama zenyewe.

Nawe mwanafunzi, shika kazi iliyopo mkononi, hata kama ni ya mwiko na saruji, na usiache kile unachokipenda. Jioni ya leo, mzazi, bisha mlango wa chumba kile. Mwite mwanao mle pamoja.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.