Limnolojia si Elimu ya Maziwa ya Ng'ombe

Chama cha Kiswahili kimetuomba tuandike juu ya maneno ya sayansi. Mimi nimechagua moja tu, nalo ni limnolojia. Maoni yangu ni kwamba neno hili linafasiriwa vibaya, na ubaya wenyewe si wa ulimi peke yake. Unatufanya sisi watu wa Embu na Meru tudhani kwamba elimu hii haituhusu.

Kwanza tutazame asili yake. Limne ni neno la Kigiriki lenye maana ya ziwa au kidimbwi. Mswisi François-Alphonse Forel ndiye aliyeiwekea elimu hii msingi. Alilichunguza Ziwa Geneva, akaandika juu yake vitabu vitatu kati ya 1892 na 1904. Alitazama kina, joto, mawimbi, rangi ya maji na viumbe vyake, yote pamoja. Baadaye wataalamu waliipanua maana hiyo ikaingiza mito, vijito, mabwawa na vinamasi. Mwaka 1922 waliunda chama chao cha kimataifa.

Sasa sikilizeni tafsiri zinazotolewa. Wengine husema ni "elimu ya maziwa". Jamani! Mwambie nyanya yako kule Runyenjes kwamba unasomea maziwa, atakuuliza ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Hata katika Kimeru neno iria ni ziwa na ni maziwa pia. Wazee wakisimulia Wameru walivyotoka Mbwaa wakavuka Iria Itune, ni hadithi yenyewe inayotujulisha kwamba ni maji mekundu, si maziwa mekundu. Lakini jina la somo halina hadithi ya kulisaidia. Lazima lieleweke likiwa peke yake.

Tena tafsiri hiyo inaiacha mito nje. Ndiyo maana mwenzetu mmoja alisema darasani, "Sisi hatuna ziwa bwana, hayo ni mambo ya Kisumu." Kumbe hata ziwa tunalo! Ziwa Nkunga, karibu na mji wa Meru, liko ndani ya kreta ya volkeno iliyozimika. Watafiti wamechimba matope ya chini yake, wakasoma chavua iliyofukiwa humo, ili wajue misitu ya Mlima Kenya ilivyokuwa maelfu ya miaka iliyopita.

Wengine husema "elimu ya maji baridi". Ni kweli, vitabu vinawaita samaki wasio wa baharini samaki wa maji baridi. Lakini huku kwetu maji baridi ni yale yanayoshuka mlimani, ukiyaoga alfajiri meno yanagongana. Na hata tukisema baridi maana yake ni yasiyo na chumvi, bado haitoshi. Maji ya Nakuru, Bogoria na Magadi yana chumvi kali, na wanalimnolojia huyachunguza vilevile. Jina la Magadi lenyewe ni lile la magadi tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi!

Basi napendekeza tuseme "elimu ya maji ya bara". Bara ni nchi kavu, mbali na bahari. Humo mna ziwa, mto, bwawa na kinamasi, maji yawe matamu au ya chumvi. Mtu atasema, mbona biolojia na jiografia hatuzitafsiri? Ni sawa, limnolojia nayo ibaki. Lakini biolojia tunaelezwa kila wiki, hili halielezwi. Neno geni lisipopata maelezo ya kweli, hubaki mgeni siku zote.

Tukikubali maana hiyo, Rupingazi imo. Thuci ulio mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi umo, na Kathita wa Meru umo. Yote mwishowe huingia Tana. Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu linalozalisha umeme. Udongo unaochukuliwa na mvua shambani mwetu hushuka mtoni, nao ukifika kwenye bwawa hutulia chini na kula nafasi ya maji. Je, hayo ni mambo ya Kisumu?

Wala elimu hii haihitaji mitambo mikubwa. Mwaka 1865 padri Mwitalia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa maji ya bahari kwa kushusha kisahani cheupe. Hebu chukueni kifuniko cha mkebe, mkigawe robo nne, mbili nyeupe na mbili nyeusi, mkifunge jiwe na kamba yenye vipimo. Kishusheni bwawani mkiwa na mwalimu, mwandike kinapopotea machoni. Fanyeni hivyo kiangazi na masika, mlinganishe. Hiyo ni limnolojia tayari.

Sisi wanafunzi wa kutwa huvuka mito hii asubuhi na jioni. Tukijua kwamba ina elimu yake, hatutaiona tena kama mahali pa kuoshea pikipiki na kutupa mikebe ya dawa za shambani. Chama chetu kimeyavulia nguo maji ya sayansi. Basi na tuyaoge.