Mwenye Gari na Alijue Gari Lake

Katika miji ya Tanzania gari si tena alama ya ukubwa. Mwalimu, muuguzi, mwenye duka na karani wa benki, kila mmoja wao anaweza siku hizi kumiliki gari dogo la kumfikisha kazini na kuwapeleka watoto shule. Sehemu kubwa ya magari hayo yalikwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Jambo hilo si aibu hata kidogo. Aibu, na hasara pia, iko kwingine. Iko katika tabia ya kununua gari kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kisha kulikabidhi gari hilo, pamoja na mfuko wa mwenyewe, kwa mtu yeyote aliyeshika spana.

Yafaa kukumbuka jinsi magari haya yalivyoingia nchini kwa wingi. Katika miaka ya 1970 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mlango uliofunguliwa wakati huo ukazidi kupanuliwa katika miaka iliyofuata. Japani ikawa chimbuko kuu la magari yaliyotumika kwa sababu zilizo wazi. Kwanza, huko magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, kama Tanzania, kwa hiyo usukani uko mahali pake. Pili, sheria ya Japani humlazimisha mwenye gari dogo jipya kulipeleka likaguliwe baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizidi kuzeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri aliuze anunue jingine.

Hivyo gari ambalo Mjapani ameliona limezeeka huwa bado lina uhai wa miaka mingi. Lakini ni lazima ifahamike ni kitu gani kilichoutunza uhai huo. Ni sheria iliyomlazimisha mwenyewe kulitunza gari lake, apende asipende. Sheria hiyo haipandi meli. Likishashuka bandarini na kupewa namba, gari hubaki na mlinzi mmoja tu, naye ni mwenye gari. Mlinzi huyo akiwa hajui kitu, gari lililodumu miaka 12 katika barabara za Japani linaweza kufa katika mwaka mmoja wa foleni na vumbi la Dar es Salaam.

Kutojua huko huanza siku ya kununua. Umezuka mtindo wa kulipima gari kwa herufi za namba yake ya usajili. Muuzaji husema kwa majivuno kwamba gari lake ni “namba E”, naye mnunuzi huona kwamba “namba D” imepitwa na wakati. Ukweli ni kwamba herufi hizo zinaeleza wakati gari liliposajiliwa nchini, basi. Hazielezi liliundwa mwaka gani, limetembea kilometa ngapi, wala kama oili yake ilibadilishwa. Gari la namba ya zamani lililo mikononi mwa mtu mwangalifu laweza kuwa bora mara mbili kuliko gari la namba mpya lililokwisha kuteswa.

Mnunuzi mwenye busara huanza na karatasi. Anayeagiza kutoka Japani hudai karatasi ya mnada, kwa kuwa magari mengi huko hupitia minadani, ambako wakaguzi huyapa alama na kuandika kila mkwaruzo. Herufi R katika nafasi ya alama humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kilometa zilizoandikwa hapo hulinganishwa na zile zinazoonekana kwenye dashibodi, maana kurudisha nyuma kilometa ni ulaghai wa siku nyingi. Pia huangalia kodi kabla ya kuitazama bei. Gari huweza kuonekana rahisi huko Japani, lakini juu ya bei yake, bima na nauli ya meli kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na ushuru wa uchakavu kwa gari lenye umri mkubwa. Wengi wamekwama bandarini kwa kutopiga hesabu hiyo mapema.

Anayenunua gari lililokwisha kuwamo nchini hulinganisha kadi ya gari na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, na huhakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenye jina kwenye kadi au ana idhini yake. Kisha hulikagua gari lenyewe, na ukaguzi huo hauhitaji shahada. Injini iwashwe ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi yake. Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inaungua ndani ya injini. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto huashiria kwamba maji yanavuja kupitia gasketi. Moshi mweusi ni mafuta yanayoungua vibaya. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na kukutwa utando mweupe kama maziwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba maji na oili vimechanganyika, na mnunuzi asifunge biashara kabla chanzo hakijajulikana.

Jambo jingine dogo lakini lenye faida kubwa ni taa za dashibodi. Ufunguo ukizungushwa kabla ya injini kuwaka, taa za oili, betri na injini sharti ziwake, kisha zizimike injini inapoanza kunguruma. Taa ya injini isipowaka kabisa, yawezekana imezimwa makusudi ili isimsemee muuzaji vibaya. Vilevile raba ya pedali iliyolika na usukani uliong'aa kwa kushikwa havilingani na gari linalodaiwa kutembea kilometa 40,000 tu.

Gari likishanunuliwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Watu wengi huliacha gari mpaka likatae kwenda, kisha hulalamika kwamba magari ya Japani hayana nguvu. Huo ni ugonjwa wa kungojea ugonjwa. Kilometa 5,000 ni kipimo salama cha kubadilisha oili ya kawaida ya injini pamoja na chujio lake, hasa kwa gari linaloshinda katika foleni, kwani huko injini hufanya kazi hata pale magurudumu yasipozunguka. Gari dogo lenye injini ya cc 1,500 huhitaji oili ya lita 3 hadi 4 hivi. Gharama ya oili hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya injini iliyonoki. Mwenye gari avute kijiti cha oili walau mara moja kwa juma, injini ikiwa imezimwa na gari limesimama mahali tambarare. Kazi hiyo haizidi dakika 2. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, gari lisimamishwe na injini izimwe papo hapo. Kusema “nitafika tu” kumeua injini nyingi.

Yafuatayo ni maji ya rejeta. Gari hutoka Japani likiwa na maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu. Hapa nchini yakipungua huongezwa maji ya bomba, na baada ya miaka michache njia za maji ndani ya injini hujaa kutu. Mbaya zaidi ni desturi iliyoenea katika gereji nyingi ya kung'oa themostati kwa madai kwamba nchi hii ni ya joto na haina haja nayo. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto lake la kazi, ambalo ni nyuzi 80 na zaidi. Joto hilo halitokani na jua la Temeke wala la Dodoma. Injini isiyofikia joto hilo hunywa mafuta zaidi na hulika upesi. Gari likichemka, dawa ni kutafuta kwa nini linachemka. Kung'oa themostati ni kumnyamazisha mlinzi aliyepiga kelele kwamba mwizi ameingia.

Chujio la hewa nalo lisisahauliwe katika nchi yenye barabara nyingi za vumbi. Mwenye gari anaweza kulifungua mwenyewe, akalikung'uta, na kulibadilisha likizidi kuchafuka. Kwa magari ambayo injini zake hutumia mkanda wa taimingi, na Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni za aina hiyo, mkanda huo una umri wake, kwa kawaida kilometa 100,000. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na uharibifu huwa mkubwa. Asiyejua mkanda ulibadilishwa lini na aubadilishe. Tairi pia zina umri. Namba nne zilizopigwa ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kuundwa, kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini iliyokaa miaka mingi hukakamaa, na huweza kupasuka gari likiwa mwendoni. Hapo hesabu si ya fedha tena, ni ya roho za watu.

Wapo wanaodai kwamba mwenye gari akijifunza mambo haya atawanyima mafundi riziki. Hoja hiyo haina msingi. Fundi hodari wa Gerezani au wa gereji yoyote iliyo chini ya mwembe hana hofu na mteja anayejua. Mteja huyo humletea gari kabla halijaharibika vibaya, humweleza dalili kwa usahihi, na hatamlaumu kwa kosa lisilo lake. Anayemhofia mteja anayejua ni yule anayebadilisha kisichoharibika, au anayeweka spea ya bandia akatoza bei ya spea halisi. Huyo kukosa riziki ya namna hiyo si dhuluma.

Wapo pia wasomi wanaoona kwamba kufungua boneti ni kazi ya watu wasiosoma. Fikra hizo ni za kikoloni. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliikosoa shule inayotenganisha kichwa na mikono. Ni jambo la kusikitisha kwamba, zaidi ya nusu karne baadaye, mtu mwenye shahada anaweza kukaa kando ya barabara akimngoja fundi aje kukaza nati ya betri.

Hata hivyo, kujitegemea si kujifanya bingwa wa kila kitu. Breki na usukani vifunguliwe na fundi mwenye ujuzi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala asifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Magari yanayotumia petroli pamoja na umeme yana nyaya za rangi ya machungwa zenye nguvu ya zaidi ya volti 100, nazo zaweza kuua. Oili iliyotumika nayo isimwagwe mtaroni, maana mtaro huishia mtoni na kisimani.

Liko jambo moja ambalo mwenye gari hawezi kulimaliza peke yake, nalo ni lugha. Gari la Japani huja na kitabu chake cha maelekezo, na ndani yake mmeeleza aina ya oili, kiasi cha maji, upepo wa tairi na maana ya kila taa. Lakini kitabu hicho kimeandikwa Kijapani, na aghalabu hutupwa au hutumika kuzuia jua kiooni. Wataalamu wa Kiswahili na wahandisi wana kazi hapa. Msamiati hauhitaji kuundwa upya, kwani mafundi wamekwisha uunda: rejeta, plagi, klachi, giaboksi, jeki, gasketi. Kinachohitajika ni vitabu vidogo vya Kiswahili, vyenye picha, kwa aina chache za magari zilizoenea zaidi. Na vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vinafaa kabisa kuwa na mafunzo mafupi ya jioni kwa wenye magari, wanaume kwa wanawake. Majuma machache yangetosha.

Kila injini inayokufa kabla ya siku zake humlazimisha mwenyewe kununua nyingine, nayo huagizwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na jasho la mkulima wa korosho, kahawa na pamba. Hasara ya mwenye gari mmoja ni hasara ya nchi nzima. Wahenga walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, ufa huzibwa kwa kijiti cha oili, kitambaa safi na dakika chache za Jumamosi asubuhi. Asiye na dakika hizo na ajiandae kuwa na fedha za ukuta.